KUFUKUZA MKE SI TALAKA



Katika mji wetu wa Kalemie, toka Kataki mpaka Filtisaf, toka mdomo wa Lukuga mpaka vijiji vya wavuvi, liko neno moja ambalo wanaume hulitamka kwa wepesi kama mtu atemaye mate. Neno lenyewe ni hili: «Nimemwacha.» Ukiuliza: Umemwachaje? mtu hujibu: «Nimemfukuza, amerudi kwao.» Ukiuliza tena: Mbele ya nani? hucheka, kana kwamba umeuliza habari za kitoto. Na baada ya miezi miwili mwanamke mwingine anapika katika sufuria zile zile.

Leo twataka kusema wazi, bila kuzungukazunguka: mtu huyo hakuacha mke. Mbele ya Mungu angali na mke. Mbele ya Leta angali na mke. Hata mbele ya wazee wa ukoo, kama wazee wenyewe wanajua desturi yao, angali na mke. Amefanya jambo moja tu: ametoroka deni. Naye aliyetoroka deni hawezi kujisifu kwamba amelilipa.

Wengine watanung'unika na kusema: Gazeti la misioni lazungumzaje habari za talaka? Je, Kanisa limebadili mafundisho? Hapana. Kanisa halikubadili neno. Lakini kunyamaza kwetu kumewafaa watu wabaya. Kwa sababu Wakristu hawataki kulitaja neno talaka, wenye kufukuza wake zao hufanya watakalo gizani, na wanaofukuzwa hawajui hata mlango wa kubisha.

I. Sheria ya nchi yasema nini

Wengi hubishana juu ya sheria wasiyoijua. Basi tuijue kwanza. Sheria ya jamaa katika Kongo yaitwa Kode ya Familia. Iliwekwa tarehe 1 Agosti 1987, ikasahihishwa tarehe 15 Julai 2016. Hata zamani za Wabeljiji mambo hayakuachwa ovyo: amri ya mwaka 1948 ililinda ndoa ya mke mmoja, na amri ya 1950 ilikataza kuongeza ndoa mpya za wake wengi. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba haya ni mambo mapya yaliyoletwa jana na watu wa Kinshasa.

Kode hiyo yataja njia ambazo ndoa huweza kumalizika. Ya kwanza ni kifo. Ya pili ni talaka iliyotamkwa na tribunali. Iko na ya tatu, ya mtu aliyepotea kabisa mpaka tribunali ikatangaza kwamba hayupo, na mwenzake akafunga ndoa nyingine. Basi. Tafuta katika orodha hiyo neno «kufukuza». Tafuta «kutupa mikeka nje». Tafuta «kumpigia baba mkwe simu aje kumchukua binti yake». Hutayaona. Baba wa nyumba hana mamlaka ya kuvunja ndoa yake mwenyewe, kama vile mtu hana mamlaka ya kujikatia kesi yake mwenyewe.

Tena hata tribunali haivunji ndoa kwa sababu yo yote. Hakimu hana budi kuona kwa mambo yaliyotendeka kwamba nyumba imebomoka kabisa, haitengenezeki tena, na kwamba kuendelea kuishi pamoja hakuwezekani. Sombe iliyozidi chumvi si sababu. Mama mkwe asiyempenda mke wa mwanawe si sababu. Kwamba mke amezeeka na bwana amepata kazi nzuri, hiyo nayo si sababu, ingawa twajua sote kwamba mara nyingi ndiyo sababu ya kweli inayofichwa chini ya nyingine.

Sasa angalia matokeo. Aliyemfukuza mke bila hukumu, akamweka mwingine nyumbani, huyo wa pili si mke. Sheria yakataza mtu kufunga ndoa mpya kabla ile ya kwanza haijavunjwa. Hata akilipa mahari mara tatu, hata akichinja mbuzi kumi, biro ya pili yabaki biro ya pili. Na yule aliyefukuzwa, aliyelala kwa dada yake juu ya mkeka, ndiye mke halali, na haki zake hazikwenda po pote.

Haki gani? Tuzitaje moja moja, kwa maana hazitajwi mara nyingi mbele ya mama zetu. Bwana na mke wanadaiwa kusaidiana na kuchangia gharama za nyumba, kila mmoja kadiri ya uwezo wake. Bwana mwenye mshahara akikataa kutoa, mke aweza kuomba tribunali ya amani impe ruhusa ya kupokea sehemu ya mshahara ule moja kwa moja. Tena, watu waliofunga ndoa bila kuchagua mpango mwingine wa mali, sheria huwahesabu kuwa washirika wa mali yote waliyoichuma tangu siku ya ndoa. Parseli iliyonunuliwa, nyumba iliyojengwa, mtumbwi na mota yake, nyavu, cherehani: yote ni ya wawili, hata kama risiti ina jina la bwana peke yake. Mama aliyeuza dagaa miaka 15 ili matofali yanunuliwe hakuwa mgeni katika nyumba ile. Nusu ya jasho lililomo ukutani ni lake.

II. Wanaojificha nyuma ya desturi

Hapo wengine husema: «Sheria ya Leta ni ya Wazungu. Sisi tunafuata desturi ya mababu.»

Vema. Tuulize basi desturi ya mababu. Je, kwa Watabwa, kwa Waholoholo, kwa Waluba, mtu aliamka tu asubuhi akamtupa mke wa watu nje? Ndoa ilikuwa mapatano ya koo mbili. Waliounganisha walikuwa wazee wa pande mbili, na kama nyumba iliwaka moto, wazee hao hao waliitwa. Walikaa chini. Walimsikiliza mume, walimsikiliza mke, waliwasikiliza mashahidi. Mwenye kosa alitozwa. Mara nyingi walirudishwa nyumbani wakiwa wamepatanishwa. Na iliposhindikana kabisa, habari ya mahari ilikatwa mbele ya macho ya wote, ili kesho mtu asije na maneno mengine.

Mtu wa leo amechukua nini katika desturi hiyo? Amechukua lile neno linalomfaa tu, kwamba yeye ni mwanamume. Baraza la wazee amelitupa. Kusikilizana amekutupa. Haki ya mke kusema neno lake ameitupa. Halafu aja mbele yetu na kutuambia: «Desturi.» Huyo hafuati desturi, amevaa ngozi yake tu.

Na juu ya watoto desturi zetu wenyewe hazipatani. Watabwa huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu ya wapwa wake. Waluba wengi huhesabu kwa upande wa baba. Katika Kalemie makabila yamechanganyika kwa muda mrefu, kwa sababu ya bandari, ya reli ya kwenda Kabalo, ya kiwanda cha nguo, na tena kwa sababu ya watu waliokimbia vita kati ya Watwa na Waluba. Mume Mluba na mke Mtabwa wakitengana, kila ukoo utasema: watoto ni wetu. Nani atakata neno? Ndipo twaona faida ya hakimu. Sheria haimwulizi kabila, yamwamuru atazame faida ya watoto wenyewe: walale wapi, wasome wapi, nani awatunze. Tena wazazi wote wawili wabaki na deni la kuwalisha na kuwasomesha, awe nao au asiwe nao. Mtoto si mbuzi wa mahari, hata agawanywe pamoja na mbuzi.

III. «Mkristu haendi tribunali»

Sasa twageukia kosa la pili, nalo ni la watu wema, ndiyo maana lina hatari zaidi. Mama amefukuzwa. Anakuja kwa wenzake wa jumuiya na kusema: «Nataka kumshitaki bwana wangu, anipe chakula cha watoto.» Nao wamjibu kwa sauti ya upole: «Mama, usiende. Sisi Wakristu hatupendi talaka. Ukienda tribunali umetenda dhambi. Omba rozari, vumilia.»

Rozari ni njema, na mama huyo asiiache. Lakini hayo mengine yametoka wapi? Hayakutoka katika mafundisho ya Kanisa.

Kanisa lafundisha kwamba ndoa halali ya wabatizwa, iliyokwisha kukamilika kwa bwana na mke kukaa pamoja, haiwezi kuvunjwa na uwezo wo wote wa mwanadamu, ila na kifo tu. Mafundisho hayo yatoka kwa Bwana wetu mwenyewe, alipowajibu Mafarisayo waliomwuliza habari za hati ya talaka, kama twasomavyo katika Mathayo mtakatifu, sura ya 19. Hatuwezi kupunguza hata chembe. Lakini Kanisa lile lile lafundisha pia mambo mengine matatu ambayo watu wema hao hawayataji.

La kwanza: kutengana bila kuvunja kifungo huruhusiwa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, yasema kwamba kama mmoja wa watu wa ndoa anamletea mwenzake au watoto hatari kubwa ya roho au ya mwili, yule mwingine anayo sababu halali ya kuondoka. Na hatari ikiisha, yafaa warudiane. Mwanamke anayepigwa mpaka kuvunjwa mkono hana amri ya Mungu ya kungojea mpaka avunjwe shingo. Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alieleza kwamba mara nyingine kutengana hakuepukiki, hata huwa ni wajibu, ili kuwaokoa wanyonge na watoto wadogo. Na sheria ya makosa ya nchi yaadhibu kumpiga mtu, wala haikuandikwa po pote: isipokuwa mkewe.

La pili: kwenda tribunali kutafuta haki si dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2383, yaeleza kwamba kama talaka ya serikali ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda haki fulani, malezi ya watoto au mali, yaweza kuvumiliwa, wala si kosa la uadilifu. Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Hukumu ya hakimu yagawa nyumba, yapanga malezi, yatoza chakula. Haigusi Sakramenti, maana hakimu hakuitoa, wala hawezi kuifuta.

La tatu: aliyeachwa bila kosa lake, akakaa mwaminifu, hakutengwa na Meza ya Bwana. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika Familiaris Consortio ya mwaka 1981, alitaka watu wa namna hiyo wapewe heshima na msaada wa jumuiya, na kusema kwamba hakuna kinachowazuia kupokea Sakramenti. Basi wanaomnong'oneza mama aliyefukuzwa asikomunike wamekuwa mahakimu wa kujiweka. Aliyemfukuza anakaa benchi ya mbele na wimbo mdomoni, aliyefukuzwa anasimama nyuma mlangoni kama mwizi. Je, hiyo ndiyo Injili tuliyoletewa?

Kanisa katika nchi yetu halikuanza juzi. Mababa Weupe walikuwa Mpala tangu mwaka 1885. Stefano Kaoze, mwana wa nchi hii ya Watabwa, alipewa upadri mwaka 1917 kule Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo. Zaidi ya miaka mia mmoja watu wetu wamesikia kwamba mke ni mmoja mpaka kufa. Aibu gani basi, kama neno hilo takatifu lageuzwa kuwa kamba ya kumfunga aliyeonewa, na mwonezi aachwe atembee huru!

IV. Wanaojificha nyuma ya hukumu

Lakini tusihukumu upande mmoja tu. Wako wengine ambao wamekwenda tribunali, wamepata talaka yenye mhuri, nao hubisha kwa Padri wakisema: «Nimemaliza kesi. Sasa nifungishe ndoa na huyu.»

Ndugu, mhuri wa tribunali haufiki huko. Kama ndoa yako ya kwanza kanisani ilikuwa halali, ungali umefungwa, ingawa Leta imekuachilia. Nayo habari ya kukosa watoto usiilete: kanuni ya 1084 yasema wazi kwamba utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Mwanamume anayemwacha mke wa ujana wake kwa sababu hakumzalia, na kusema Mungu hakubariki ndoa ile, anamsingizia Mungu.

Jambo moja laweza kuulizwa kwa haki: je, ndoa ile ilikuwa ndoa kweli tangu mwanzo? Kama msichana alisukumwa kwa fimbo mpaka altareni, kama mmoja alificha kwamba alikwisha kufunga ndoa mahali pengine, kama moyoni alikataa kabisa uaminifu au watoto, basi Tribunali ya Kanisa yaweza kuchunguza na kutangaza kwamba ndoa haikuwapo. Hiyo si talaka ya Kikatoliki, kama wengine wanavyoiita kwa mzaha. Talaka yadai kuvunja kilichokuwapo. Tangazo hilo lasema kwamba hakikuwapo tangu siku ile ya kwanza. Tangu tarehe 8 Desemba 2015, kwa amri ya Papa Fransisko iitwayo Mitis Iudex, hukumu moja yatosha ikiwa hakuna aliyekata rufani, na pale ambapo mambo ni dhahiri na wote wawili wanakubali, Askofu mwenyewe aweza kuamua kwa njia fupi. Papa alitaka pia gharama zisiwazuie maskini. Mwenye shida hiyo amwone paroko wake. Asimwone mtu wa barabarani ambaye ana rafiki Kirungu.

V. Enyi wazazi

Sasa twasema na wakwe, yaani na baba, na mjomba, na shangazi. Binti anarudi usiku, uso umevimba. Kabla hajanywa maji, baba anahesabu: ng'ombe wangapi, pesa kiasi gani, baiskeli ile, magodoro yale. Nayo yamekwisha liwa, au yametumika kumwolea kaka yake mke. Basi asubuhi binti anaambiwa: «Rudi kwa bwana wako. Ndoa ni uvumilivu.» Hawamwambii hivyo kwa ajili ya Sakramenti. Wanamwambia hivyo kwa sababu hawana mahari ya kurudisha.

Wazazi wa namna hii, heri wajue mambo mawili. Kwanza, mahari ni ishara ya mapatano ya jamaa mbili, si bei. Aliyenunua shoka aweza kusema shoka ni lake, alipige juu ya jiwe akipenda. Aliyeoa hakununua shoka. Pili, habari ya kurudisha mahari au kutorudisha si ya kukatwa usiku barazani kwa makelele. Ni moja ya mambo yanayoweza kuwekwa mbele ya tribunali ndoa ikivunjwa, naye hakimu hutazama desturi za watu hao na kosa ni la nani. Basi msimrudishe mtoto wenu katika moto kwa kuogopa deni ambalo hakuna hakimu aliyewatoza bado.

VI. Njia yenyewe

Mama aliyefukuzwa afanye nini? Mume aliyeachwa na mke aliyetoroka afanye nini naye? Maana wako waume wa namna hiyo pia, na sheria ni moja kwa wote wawili. Tueleze njia, ili mtu asipotezwe na wajanja wanaozunguka tribunali.

Kwanza kabisa, upatanisho. Walete wazee wa pande mbili, mwambie katekista, mwone Padri. Nyumba nyingi zinazosemwa zimebomoka zimeanguka paa tu. Lakini upatanisho wa kweli unawasikiliza wawili; kumwambia mmoja anyamaze si upatanisho.

Ikishindikana, kesi za jamaa ni kazi ya tribunali ya amani. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 juu ya matribunali ndiyo iliyoiweka hivyo. Kalemie, mji mkuu wa provinsi ya Tanganyika, tribunali hiyo ipo. Huna haja ya kwenda Lubumbashi. Mwombaji hupeleka barua yake kwa mkubwa wa tribunali, akieleza mambo yaliyotendeka: tarehe, mahali, mashahidi. Asiandike matusi. Matusi hayajalisha watoto hata siku moja.

Baadaye hakimu humwita mwombaji, kisha huwaita wawili pamoja, naye mwenyewe hujaribu kuwapatanisha. Hayo ni amri ya sheria. Wale wanaosema kwamba Leta yapenda kuvunja ndoa wajue kwamba hakimu hawezi kuanza kesi ya talaka kabla ya kujaribu kuwapatanisha. Katika siku hizo za kungoja, mama aweza kuomba maamuzi ya muda: nani akae nyumbani, watoto wawe kwa nani, bwana atoe kiasi gani cha chakula. Jambo hili wengi hawalijui. Hungoji mwisho wa kesi ili watoto wale.

Upatanisho ukishindwa, kesi yasikilizwa. Hakimu akitamka talaka, huamua pia juu ya watoto na mali, naye aliyepata haki, kama hana cha kuishi, aweza kupewa posho katika mali ya mwenzake. Asiyeridhika hukata rufani kwa tribunali kubwa. Hukumu ikithibitika, lazima iandikwe katika vitabu vya etasivili, maana hukumu iliyolala sandukuni haimsaidii mtu.

Na gharama? Zipo. Lakini kila senti unayotoa, dai risiti. Anayekataa kutoa risiti anakula, hafanyi kazi ya Leta. Aliye maskini kweli aombe cheti cha umaskini, na aulize juu ya ofisi ya mashauri ya bure, ambayo sheria yawataka mawakili kuwa nayo kwa ajili ya wasio na pesa.

VII. Karatasi

Limebaki neno moja, nalo labda ndilo kubwa kuliko yote. Haki zote tulizozitaja zasimama juu ya jambo hili: kwamba ndoa yajulikana. Na ndoa nyingi za Kalemie hazijulikani kwa Leta hata kidogo.

Ndoa iliyofungwa katika jamaa kwa desturi, sheria yaikubali. Lakini yataka iandikishwe kwa ofisa wa etasivili katika mwezi unaofuata harusi. Ndoa ya kanisani peke yake, ingawa ni Sakramenti kamili mbele ya Mungu, haiandiki kitu katika vitabu vya Leta. Basi mume mwovu afika mbele ya hakimu na kusema kwa uso mkavu: «Mwanamke huyu? Tulikuwa marafiki tu.» Na mama aliyezaa naye watoto sita atafuta mashahidi, naye shahidi mmoja amehamia Kigoma, mwingine amekufa, wa tatu anaogopa.

Waliokimbia vita wamepata tabu zaidi, maana karatasi ziliungua pamoja na nyumba. Hao nao wasikate tamaa: waulize kwa etasivili au kwa tribunali namna ya kupata hati badala ya zile zilizopotea, na paroko aweza kutoa shuhuda kutoka kitabu cha ndoa za misioni.

Na mwanamume anayekwepa kuandikisha ndoa, akisema «mapenzi hayahitaji karatasi», mwulize kama parseli yake nayo haihitaji karatasi. Mwulize kama pikipiki yake haina karatasi. Karatasi ya pikipiki ameifunga katika plastiki, ameiweka chini ya godoro. Mke peke yake ndiye asiyestahili karatasi! Wasichana, sikilizeni vizuri: huyo ameanza kumfukuza mke siku ile ile anayomwoa.

Mwisho

Basi, ndugu wasomaji, tusidanganyane. Kuchukia talaka ni vema. Mungu mwenyewe aichukia, kama nabii Malaki alivyofundisha. Lakini hatuichukii kweli ikiwa twachukia jina lake tu na kuvumilia tendo lake. Aliyemfukuza mke bila hakimu, bila wazee, bila Padri, ametenda uovu wote wa talaka, tena amekataa hata ule ulinzi mdogo ambao talaka ya Leta huwaachia wanyonge.

Ninyi wakubwa wa jumuiya, mtu wa namna hiyo msimpe kiti cha mbele mpaka ametengeneza. Ninyi makatekista, mnapowafundisha wachumba, wapelekeni kwa etasivili kabla ya kuwapeleka altareni. Ninyi mama wa jumuiya, mwenzenu akifukuzwa, msimletee ushauri peke yake; mleteeni unga, na mmoja wenu amsindikize mpaka mlango wa tribunali, maana mlango ule watisha kwa mtu aliye peke yake. Nanyi akina baba, aliyemfukuza mke wake jana, njia ya kurudi ingalipo. Aende leo kwa wakwe zake, aende na wazee, aseme: nimekosa. Si mbali. Mke wake halali yupo huko huko alikompeleka, na watoto wanatazama barabara.